Jinsi ya Kufaidi Mkahawa Mpya wa Matcha mjini Uji, Japani

Kwetu Tanga, kahawa chungu haiji peke yake. Muuza kahawa anapoinamisha dele na kumimina katika kikombe kidogo, mkono wa pili wa mnywaji huwa tayari umeshika kashata, au kipande cha halua kama ni siku ya heri, na kinywa hupokea utamu kwanza ndipo uchungu ufuate. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo ana nusu ya maarifa anayoyahitaji kabla ya kuingia katika mkahawa wa matcha, yaani chai ya kijani iliyosagwa kuwa unga, nchini Japani, kwa sababu vitamutamu vya huko vilipata nafasi yake mezani kwa kazi ileile ya kuuandaa ulimi upokee chai chungu. Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, nikichukua mfano wa Uji, mji mdogo ulio kusini ya Kyoto, ambao jina lake halihusiani na uji wetu wa asubuhi, na ambako nimekuwa nikienda kila ninaposikia kwamba mkahawa mwingine umefungua mlango.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema, kwa kuwa mengine yote yanauzunguka. Siku ya kwanza katika mkahawa mpya, agiza bakuli la matcha yenyewe, isiyotiwa sukari wala maziwa, kabla hujagusa aiskrimu, keki au jeli. Sukari na krimu huficha makosa mengi ya unga mbaya, lakini maji ya moto hayafichi kitu. Mkahawa ambao bakuli lake la kwanza limekuridhisha unaweza kuuamini katika vitamutamu vyake vyote. Na ule ambao bakuli lake lina rangi ya majani makavu na ukakasi unaokwaruza koo, hata bilauri yake ya aiskrimu ya yeni 2,000 haitakupa zaidi ya sukari ya kijani.

Unga wenyewe

Matcha inatokana na mmea uleule unaolimwa Kericho, Mufindi na katika milima ya Usambara, yaani Camellia sinensis. Kinachoitofautisha ni matunzo. Wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, wakulima hulifunika shamba zima kwa vitambaa vyeusi, au kwa njia ya zamani iitwayo honzu, ambayo hutumia mikeka ya matete iliyotandazwa mabua ya mpunga juu yake. Jani lililonyimwa jua huzidi kuwa la kijani, na teanini, ambayo ndiyo inayoleta ile ladha nzito inayokumbusha supu, hubaki kwa wingi ndani yake badala ya kugeuzwa na mwanga kuwa katekini zenye kuleta ukakasi. Majani ya mchumo wa kwanza, ambao kwa kawaida huangukia mwezi wa Mei, hupigwa mvuke, hukaushwa bila kusokotwa, kisha huondolewa vikonyo na mishipa. Kinachobaki huitwa tencha, na tencha ikisagwa kwa mawe ndipo tunapata matcha.

Kusaga huko ndiko kunakonistaajabisha zaidi. Jozi moja ya mawe hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa, kwa maana mawe yakienda mbio hupata joto, na joto huiharibu harufu. Bakuli moja la kawaida linahitaji gramu 2. Kwa hiyo saa nzima ya jiwe kuzunguka polepole humalizikia katika mabakuli kumi na tano au ishirini. Mikahawa kadhaa ya Uji huweka jiwe moja karibu na mlango ili wageni walione likizunguka. Ukilikuta, simama dakika mbili, uone vumbi la kijani linavyojikusanya ukingoni kama poda, na usikie harufu yake ambayo ni mbichi na ya moto kwa wakati mmoja.

Ukilifahamu hilo, bei hazitakushangaza. Isitoshe, mahitaji ya matcha yamepanda mno duniani kote: katika vuli ya mwaka 2024 wauzaji wakongwe wa Kyoto kama Ippodo na Marukyu Koyamaen walilazimika kuweka kikomo cha makopo ambayo mteja mmoja angeweza kununua, na katika mnada wa majira ya kuchipua ya 2025 bei ya tencha ya Kyoto ilizidi maradufu ya ile ya mwaka uliotangulia. Bakuli la matcha pamoja na kipande cha kitamutamu mara nyingi hugharimu kati ya yeni 800 na 1,500, na bilauri kubwa ya tabaka tabaka kati ya yeni 1,200 na 2,000. Palipo na bei ya chini sana, uliza maswali.

Jambo moja zaidi kuhusu jina. Ubao ukisema kwamba chai ni ya Uji, usidhani kwamba majani yote yamechumwa kwenye vilima unavyoviona dirishani. Kwa mujibu wa ufafanuzi uliowekwa na wafanyabiashara wa chai wa Kyoto mwaka 2004, chai ya Uji inaweza kutoka katika mikoa minne, yaani Kyoto, Nara, Shiga na Mie, mradi tu imetayarishwa na watayarishaji wa Kyoto ndani ya mkoa huo. Huo si ulaghai. Vilevile mkoa wa Kagoshima, ulio mbali kusini, siku hizi huzalisha tencha nyingi kuliko Kyoto, na mkahawa unaosema wazi kwamba unga wake umetoka Kagoshima, Nishio au Yame unastahili heshima kuliko ule unaokwepa swali. Maneno yanayoandikwa kwenye makopo mengi ya ng'ambo, kwamba unga fulani ni wa daraja la hafla na mwingine ni wa kupikia, hayana kipimo chochote cha kisheria nchini Japani. Hayo yasikutishe wala yasikuvutie.

Kabla ya kuondoka

Mkahawa mpya una tabia zake. Siku za mwanzo utaukuta umezungukwa na mashada makubwa ya maua yaliyosimamishwa kwa miguu ya mbao, ambayo ni zawadi za majirani na washirika wa biashara kwa ajili ya kufungua. Mengine yakishaanza kunyauka, foleni nayo huanza kupungua. Kama huna haraka, ngoja wiki tatu au nne, kisha nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, mlango unapofunguliwa. Katika wiki za mwanzo menyu huwa fupi na wahudumu wengine huvaa beji ya kuonyesha kwamba bado wako mafunzoni. Ukihudumiwa na mmoja wao, mpe muda wake, maana nimeona namna wanavyotetemeka mikono wanapobeba bilauri ndefu yenye mzigo wa aiskrimu hadi juu.

Saa za kufungua zitazame katika ukurasa wa mkahawa wenyewe, si kwenye ramani ya simu peke yake, kwa sababu ramani mara nyingi huchelewa kupata habari za duka jipya. Kumbuka pia kwamba Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: wanapoandika 10:00 wana maana ya saa nne asubuhi yetu, na 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Zitafute na herufi L.O., ambazo huonyesha mwisho wa kupokea oda, kwa kawaida nusu saa kabla ya kufunga. Herufi hizo mbili zilinigharimu safari nzima. Nilifika kwenye mkahawa uliokuwa ukifungwa saa kumi na moja nikiwa na dakika ishirini mkononi, nikadhani zinatosha kwa bakuli moja, kumbe oda zilikuwa zimefungwa dakika kumi kabla yangu. Mhudumu aliinama, akaomba radhi kwa upole, na pazia likashushwa mbele yangu. Neno jingine la kutafuta ni siku ya mapumziko. Maduka mengi ya Uji hupumzika siku moja ya kazi kila wiki, na baadhi ya mapya hutangaza mapumziko yake mwezi kwa mwezi bila siku maalumu.

Kutoka stesheni ya Kyoto, panda treni ya JR ya njia ya Nara. Ile ya haraka hufika Uji kwa chini ya dakika 20, na ile inayosimama kila kituo huchukua kama nusu saa. Anayetoka upande wa Gion au Fushimi atafaa zaidi kupanda treni za Keihan na kubadilisha Chushojima. Beba fedha taslimu. Duka jipya linaweza kupokea kadi na simu, lakini yapo bado yanayopokea noti na sarafu tu.

Mlangoni

Pazia fupi la kitambaa, linaloitwa noren, likiwa limetundikwa juu ya mlango, mkahawa uko wazi. Huhitaji kupiga hodi. Pembeni utakuta ama mashine inayotoa tiketi ya namba, ama karatasi ya kuandika jina na idadi ya watu mlio nao. Andika jina lako kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, kama unaweza, kwa kuwa mhudumu ataliita kwa sauti. Katika hili sisi tuna bahati, maana silabi za Kiswahili huishia kwa vokali kama za Kijapani: Juma hubaki Juma, na Hamisi hubaki Hamisi. Salma tu ndiye atakayeitwa Saruma, kwa kuwa sauti ya l haipo kwao na konsonanti haikai bila vokali nyuma yake. Jina likiitwa nawe haupo, hupitwa, na baadhi ya maduka hulifuta moja kwa moja. Basi muulize mhudumu kwa kuonyesha saa yako ni muda gani wa kungoja, kisha tembea kwa kipimo hicho.

Muda huo Uji haukosi pa kuutumia. Hekalu la Byodoin liko mwendo mfupi kutoka mtaa wa maduka ya chai, na Ukumbi wake wa Feniksi, uliojengwa mwaka 1053, unajitazama ndani ya bwawa lake kama ulivyo kwenye sarafu ya yeni 10. Toa sarafu mfukoni ulinganishe. Kando ya daraja la mto lipo pia duka la Tsuen, ambalo linahesabu mwanzo wake kuanzia mwaka 1160, na si vibaya anayekwenda kwenye mkahawa wa mwezi mmoja kupita kwanza mbele ya huo uliodumu karne nane.

Utakapoingia, wahudumu wote watapaza sauti, "Irasshaimase!" Mswahili hupata taabu hapo, kwa sababu kwetu karibu huitikiwa, na kunyamaza ni utovu wa adabu. Huko halina jibu. Kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Onyesha idadi yenu kwa vidole. Kama sakafu imeinuliwa na kutandikwa mikeka ya tatami, vua viatu na uvielekeze mbele kwenye mlango. Mkoba usiuweke mezani wala kwenye kiti cha jirani: chini au pembeni ya kiti kwa kawaida kuna kikapu kwa ajili hiyo. Utaletewa maji bila malipo, pamoja na kitambaa chenye unyevu, cha moto wakati wa baridi, nacho ni cha mikono tu. Kanuni ambayo wageni wengi huivunja bila kujua ni kwamba kila aliyekaa hutakiwa kuagiza kitu chake. Watu wanne wakishirikiana bilauri moja katika meza ya watu wanne, wanakuwa wamemnyima mwenye duka viti vitatu. Mkiwa wengi, basi agizeni vitu tofauti ili muonjeane.

Bakuli la kwanza

Katika menyu utaona majina mawili. Usucha ni matcha nyepesi: gramu 2 za unga, yaani vijiko viwili vya mianzi, na mililita 70 hivi za maji yaliyopoa hadi nyuzi 80, vikapigwa mpaka povu. Kifaa cha kupigia, chasen, huchongwa katika pingili moja ya mwanzi uliopasuliwa kuwa nyuzi nyingi nyembamba, nacho kitamkumbusha mtu wa pwani upekecho, isipokuwa hakizungushwi baina ya viganja. Huenda mbele na kurudi nyuma kwa haraka. Koicha ni nzito, unga maradufu na maji nusu, hukorogwa taratibu mpaka iwe kama rangi ya kupakia ukuta. Anayeanza aagize usucha. Koicha haisamehe, na mkahawa unaothubutu kuiuza unakuwa umetangaza kwamba unauamini unga wake.

Bakuli likiletwa, litazame kabla ya kulinyanyua. Rangi iwe ya kijani kibichi kilicho hai, kama jani changa la mgomba linaloanza kujikunjua. Ikielekea umanjano au ukahawia, unga umezeeka, au umekaa penye mwanga na hewa. Povu liwe laini, lenye vitundu vidogo visivyohesabika. Kisha vuta harufu. Kitamutamu kilichokuja nacho, ambacho mara nyingi ni tonge la maharage mekundu ya azuki yaliyopondwa na sukari na kuumbwa mithili ya ua la msimu, kikate kwa kijiti cha mti na ukile kwanza, chote, kama unavyoimaliza kashata kabla ya kikombe. Hapo ndipo unyanyue bakuli, kiganja cha kushoto chini yake na mkono wa kulia ubavuni. Katika hafla ya chai, ambayo mwalimu wa chai Sen no Rikyu aliipa sura yake tulivu katika karne ya 16, mgeni hulizungusha bakuli kidogo ili asiweke midomo upande wake wa mbele. Mkahawani hakuna atakayekudai, ingawa ukifanya hivyo mzee aliye nyuma ya kaunta ataona.

Sasa onja, na utofautishe mambo mawili ambayo Kiswahili, kwa bahati njema, kina maneno yake. Uchungu ni ule wa kahawa nzuri: unakuja, unatulia, kisha unaacha utamu nyuma ya ulimi. Ukakasi ni ule wa bibo au ndizi mbichi: unakausha kinywa na kuushika ulimi. Matcha njema ina uchungu mwingi na ukakasi kidogo, na katikati yao kuna ile ladha nzito ninayoifananisha na supu. Mara ya kwanza nilipoipata vizuri, nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye kaunta ya mkahawa ambao harufu ya mbao mpya ilikuwa bado haijaisha; nilishusha bakuli, nikakuta ndani yake mfereji mdogo wa povu ukiteremka taratibu, na utamu ule wa nyuma ya ulimi ukadumu mpaka povu likakauka. Dakika hiyo nilielewa kwa nini watu hawa hufunika mashamba.

Vitamutamu

Baada ya bakuli, agiza. Kinachopendwa zaidi ni pafe, bilauri ndefu iliyopangwa tabaka: juu aiskrimu ya matcha na vitonge vyeupe vya unga wa mchele wa kunata viitwavyo shiratama, katikati krimu, azuki na pengine vipande vya keki, chini kabisa jeli ya matcha. Usiichanganye kama faluda. Anza na shiratama, kwa sababu baridi huvigeuza vikawa vigumu, kisha ushuke tabaka kwa tabaka, ukikumbuka kwamba aliyepanga ameuweka uchungu chini makusudi: jeli ya mwisho, isiyo na sukari nyingi, ndiyo inayosafisha kinywa baada ya krimu yote hiyo. Kula bila kukawia. Kupiga picha hakukatazwi katika sehemu nyingi, lakini dakika tano za picha ni dakika tano za kuyeyuka, na kumpiga picha jirani au mhudumu pasipo idhini ni kosa.

Binafsi, nafsi yangu iko kwa warabimochi. Ni vipande laini vinavyotikisika, vya wanga wa mizizi ya kangaga, vikanyunyiziwa unga wa soya uliokaangwa au matcha, na pembeni huletwa shira nyeusi iitwayo kuromitsu, ambayo mtu aliyeonja sukari guru ataitambua kabla hajauliza. Kumbuka jambo moja: usivute pumzi unapokipeleka kipande kinywani, wala kijiko cha keki iliyofunikwa unga mkavu wa matcha. Unga ule ni mwepesi kuliko vumbi, na ukiuvuta utakohoa mpaka machozi. Toa pumzi kidogo kwanza, funga midomo, ndipo utafune. Mtoto mdogo na mzee asiye na meno wakatiwe vipande vidogo sana, kwa kuwa vyakula vyote vya unga wa kunata vinaweza kukwama kooni.

Wakati wa joto tafuta kakigori, barafu iliyokwanguliwa ikawa nyepesi kama pamba na kumiminiwa shira ya matcha. Wakati wa baridi kuna zenzai, supu tamu ya azuki ya moto yenye kipande kilichochomwa cha mochi, yaani tonge la mchele wa kunata uliopondwa, ambayo mpenzi wa mbaazi za nazi ataiona ngeni kwa dakika moja kisha ataimaliza. Keki zilizookwa mimi huziagiza mwisho, kwani joto la tanuri huififisha rangi na harufu ya matcha, na mkahawa unaozitegemea mno hutumia unga wa chini. Kuna pia hojicha, chai iliyokaangwa yenye harufu ya njugu na kafeini kidogo, inayowafaa watoto na wanaokwenda jioni.

Yanayohusu dini na afya

Muislamu aulize vitu viwili. Cha kwanza ni gelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe, na ambayo huingia katika mausi, krimu na baadhi ya jeli. Jeli za asili za Kijapani hazina tatizo hilo, maana hutumia kanten, itokanayo na mwani, ingawa si wa aina ile inayolimwa Paje na Jambiani. Cha pili ni pombe, ambayo waoka keki hupenda kuitia kidogo ili kuongeza harufu. Swali ni fupi: "Zerachin wa haitte imasu ka?" kwa gelatini, na "Arukoru wa haitte imasu ka?" kwa pombe. Liandike kwenye simu kwa Kijapani umwonyeshe mhudumu, naye akienda jikoni kuuliza, mngoje. Ni kawaida yao kutojibu kwa kubahatisha. Vitu salama zaidi kwa kawaida ni usucha yenyewe, anmitsu ya kanten na azuki isiyo na aiskrimu, na warabimochi.

Matcha ina kafeini kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake, hivyo bakuli la gramu 2 hubeba miligramu 60 hivi, nawe unakunywa jani lote, si maji yaliyopita juu yake. Mjamzito aikadirie pamoja na chai na kahawa nyingine za siku hiyo. Usinywe koicha ukiwa na njaa, tumbo litakusumbua.

Kulipa na kubeba kopo

Bili utaachiwa mezani, mara nyingi imelazwa kifudifudi. Ichukue mwenyewe uipeleke kwenye kaunta iliyo karibu na mlango, na uweke fedha katika trei ndogo badala ya kumkabidhi mhudumu mkononi. Kodi ni asilimia 10 kwa anayekula ndani na asilimia 8 kwa anayebeba, utaratibu ulioanza Oktoba 2019, ndiyo maana kitu kimoja huwa na bei mbili. Usiache bakshishi, kwani watakukimbilia barabarani kukurudishia. Badala yake sema, "Gochisosama deshita," maneno ya kushukuru kwa chakula, na utaona uso wa mpishi ukifunguka.

Kama bakuli lilikupendeza, uliza kama unga uleule unauzwa, na uchague kopo dogo la gramu 20 au 30, kwani likishafunguliwa unga huanza kupoteza rangi na ni vyema uishe ndani ya mwezi. Kopo lililofungwa huhifadhiwa kwenye friji. Likitolewa, lisifunguliwe mpaka lipate joto la chumba, ama sivyo umande utaingia na unga utashikana mabonge. Nyumbani, upitishe kwanza kwenye chujio la chai. Maji yaliyochemka yahamishe kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara mbili, yatakuwa yamepoa vya kutosha. Asiye na chasen atie unga na maji kidogo yaliyopoa kwenye chupa yenye mfuniko, atikise kwa nguvu, kisha amimine na kuongeza maji ya moto.

Nilipokwenda likizo Tanga nilimtayarishia mama hivyo hivyo, katika bakuli lake la uji, na kashata ya nazi pembeni. Aliila kashata kwanza bila kuambiwa. Kisha akanywa, akanyamaza kidogo, akauliza kama kopo bado lina unga ndani.